Siku Niliyonuswa kwa Chupa ya Bordo

Mwaka 1967 nilikuwa nikiandaa meza nyumbani kwa Mzungu mmoja, mfanyabiashara, hapa Maskati. Alinichukua kwa kuwa aliwahi kukaa Mombasa akakipenda Kiswahili, na mimi kabla ya kuhama Unguja nilihudumu miaka kumi katika klabu ya Wazungu. Mvinyo niliujua kwa macho na kwa pua. Ulimi wangu haujaugusa hata siku moja.

Alikuwa na chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordo aliyoinunua kwao mnadani. Kwa mujibu wa karatasi yake, ulikuwa na miaka sabini. Siku moja akaalika watu chakula cha mchana, miongoni mwao daktari Mfaransa ambaye baba yake alilima zabibu huko huko Bordo.

Niliifungua mbele yao wote, ganda la madini ya risasi lililofunika shingo likiwa zima. Nilipomimina nikashtuka. Mvinyo mkongwe hupauka ukawa rangi ya tofali, na mashapo hukaa chini. Huu ulikuwa mwekundu kama maji ya komamanga.

Daktari akaonja, akaweka bilauri chini. Akasema taratibu kwamba huu haujafika hata miaka mitano.

Bwana akanigeukia. "Umeunywa wewe, ukajaza mwengine."

Nikamwambia sinywi, na yeye anajua. Akaniamuru nifungue kinywa, akaninusa mbele ya wageni na wake zao. Mtu mzima mimi, nna watoto wanne. Na hata ningeliunywa mwezi uliopita, angenusa nini?

Daktari akaomba kizibo. Akakigeuzageuza: kifupi, kipya, hakina alama ya shamba wala mwaka. Akasema chupa ni ya zamani kweli, lakini imejazwa na kuzibwa upya na fundi mwenye mashine, kazi isiyowezekana jikoni. "Umeuziwa uongo," akamwambia bwana.

Bwana akacheka, akaniagiza kahawa.

Nikaileta, nikabaki nimesimama. Akaniuliza nangoja nini.

"Nnangoja uniombe radhi, bwana."

"Usituharibie chakula," akasema.

Nikavua koti jeupe, nikaweka funguo za stoo kando ya sahani yake, nikenda zangu nyumbani Matrah kwa miguu, jua la saa nane. Mke wangu alidhani nnaumwa. Nilipomweleza, akasema nimefanya vyema.

Wiki ile ile bwana akamtuma dereva kuniita, kwa mshahara mkubwa zaidi. Sikwenda. Dereva akanieleza kuwa bwana anawaambia watu joto la Maskati ndilo lililouharibu mvinyo wake. Aliona haya kusema kwamba mtu wa kwao kamlaghai. Kunituhumu mimi hakukumtia haya yoyote, na miaka yote hii bado nakasirika.