Maji ya Povu ya Hedi Sobotta

Gisbert Sobotta alikuwa mtu wa amri, na sisi majirani zake tulimchoka zamani. Mimi nilifanya naye kazi shimoni kwenye makaa ya mawe mpaka shimo likafungwa, kisha nikapata nyumba juu ya kichwa chake hapa katika mji wa Wanne, Ujerumani, kwa hiyo sikupumzika naye hata uzeeni. Ni yeye aliyebandika kanuni za jengo karibu na masanduku ya barua. Kuanzia Oktoba mpaka Machi, dirisha na mlango wa stoo ya chini vifungwe, mabomba yasigande. Ukisahau, alikupandia ngazi na slipa zake kuja kukusomea. Bi Tenbrink wa ghorofa ya tatu, mjane asiye na neno na mtu, alikemewa sana hata ikawa akiona dirisha wazi mkono unakwenda wenyewe.

Kisha mkewe Gisbert, Hedi, akapata kiharusi. Maneno yalimtoka yote, na koo likalegea. Maji ya kawaida yalimpalia. Maji ya kutiwa unga yawe mazito aliyatema. Yaliyoshuka salama ni yenye gesi tu, yale makali yanayouma ulimi. Huku kwetu hata mtu mzima wa afya huona maji yasiyo na povu ni ya kuoshea miguu, lakini kwa Hedi lilikuwa jambo la uhai.

Gisbert alinunua ile mashine ya kutia maji gesi nyumbani. Mtungi wake ukiisha, unaupeleka dukani unapewa mwingine. Hilo halikumridhisha. Jumapili duka limefungwa, je? Mpwa wake aliyeendesha lori la samaki akamletea barafu kavu, ile isiyoyeyuka kuwa maji bali hutoweka hewani ikawa gesi, na ni gesi ileile ya mtungini. Gisbert alifungua kichwa cha mtungi kwa spana, akamimina vipande kwa faneli huku mtungi ukikaa juu ya mizani ya jikoni, akafunga, akauacha upate joto polepole. Nilimwambia ipo siku utamlipukia usoni. Akanijibu, "Jochen, mimi nilikuwa nalala na gesi wewe ukiwa bado unafungwa kamba za viatu na mama yako."

Na kweli aliijua. Gesi hiyo ni nzito, haina harufu, hutulia sakafuni kama maji kwenye beseni na kumkosesha pumzi aliyelala chini. Shimoni tuliiogopa kuliko moto. Kwa hiyo alipojaza mitungi huko stoo aliacha dirisha na mlango wa uani wazi, upepo upite, hata kama ni Januari. Kanuni yake mwenyewe aliivunja bila kumuuliza mtu. Sheria ni msumeno, lakini wa Gisbert ulikuwa na meno upande mmoja.

Nyuma yake alifuata Fips, mbwa wa Hedi, mrefu wa mgongo na mfupi wa miguu, tumbo likikaribia kukwangua sakafu. Hedi hakunywa bila mkono mmoja kuwa kwenye masikio ya Fips.

Siku moja mpwa alileta boksi zima. Gisbert alijaza mitungi yake, barafu iliyobaki akaiacha boksini bila kifuniko ipotee yenyewe, akapanda kumlisha Hedi chakula cha mchana. Fips alikuwa amelala chini ya benchi. Gisbert, bingwa wa kubandika matangazo, hakubandika kitu wala hakumwambia mtu.

Wiki hiyo kibao cha zamu ya usafi wa ngazi kilining'inia kwenye kitasa cha Bi Tenbrink. Alipiga deki mpaka chini, akakuta stoo iko wazi, baridi inaingia. Akafunga dirisha, akafunga mlango, akazungusha ufunguo.

Nilipotazama dirishani, Gisbert alikuwa ameshamtoa Fips stoo, amepiga magoti uani kwenye theluji, anamsugua mbavu. Niliteremka mbio. Mbwa alikuwa ameshalegea. Bi Tenbrink alitoka na ndoo yake.

"Nimefunga mimi, Bwana Sobotta," akasema. "Si ulisema tufunge?"

"Huna macho? Hukumwona mbwa?"

"Chini ya benchi sikuangalia. Uliniambia nifunge, nikafunga."

Gisbert akamtukana matusi nisiyoweza kuyaandika, mpaka nikamshika bega na kumwambia mwanafunzi wake amefaulu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi pole sikumpa. Nilikuwa na hasira naye kweli.

Hedi hakuwa na maneno, lakini alielewa yote. Gisbert alimwekea gilasi mbele yake, povu likipanda, akamwambia Fips amekufa, Tenbrink alifunga mlango. Hedi alimtazama, akaitazama gilasi, akafunga mdomo. Jioni hivyo hivyo. Asubuhi midomo ilikuwa imepasuka.

Gisbert akapanda kwangu. Sikuwahi kumwona akiomba.

"Nifanye nini, Jochen? Hanywi."

Nilidhani Hedi anaikataa ile gesi ya barafu, nikakimbia dukani nikaleta maji ya chupa. Akampelekea. Hedi akakataa.

Bi Tenbrink aliteremka bila kuitwa, macho yamevimba. Alikaa kitandani, akachukua gilasi mkononi mwa Gisbert, akamsogezea Hedi mdomoni. Hedi alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akafungua mdomo. Akanywa yote, wala hakukohoa.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Gisbert huandaa maji, huyaweka mezani, kisha hutoka kusimama ngazini, kwa sababu akiwamo chumbani Hedi hamezi. Mwanamke aliyefunga mlango ndiye anayemnywesha, na mumewe anasubiri nje na slipa zake. Zile kanuni za ukutani hana habari nazo tena. Dirisha la stoo hukaa wazi wiki nzima na hapandi kwa mtu.

Juzi nilikuwa nateremka nikamkuta amesimama hapo, sikio liko mlangoni.

"Umesikia?" akaniuliza. "Amekunywa?"

Nikamwambia nimesikia gilasi ikiwekwa mezani.

"Yote?"

Sikujua. Nikamwambia, "Yote."