Kadi Nyeupe za Ghala la Asali

Muuzaji wa Dar aliniuliza nataka kadi za masafa gani. Nikamjibu: nyeupe. Aliniangalia kidogo, akanifungia ishirini.

Mimi ni fundi umeme, Tabora mjini. Tajiri mmoja wa asali, ambaye mababu zake walitoka Omani, alinipa kazi ya kuweka kitasa cha umeme kwenye ghala lake: unagusisha kadi, taa inawaka kijani, mlango unaachia. Kifaa kilikuja na kadi moja tu. Niliijaribu, ikafungua, nikamkabidhi tajiri. Zile ishirini niliingiza tu kwenye kompyuta namba zilizochapwa juu yake, nikaona inatosha. Kadi ni kadi, nilimwambia tajiri, kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Ijumaa baada ya sala tajiri akafanya dua ya kuufungua mlango. Palipikwa pilau. Wachuja asali, wapagazi, majirani, wote walikuwepo. Heshima ya kufungua alipewa mzee mtunza ghala, aliyeshika funguo za pale tangu mimi sijaanza shule. Alikabidhi funguo zake mbele ya watu, akasema bismillahi, akagusisha kadi.

Nyekundu.

Akaifuta kwenye kanzu, akagusisha tena. Nyekundu. Tajiri akajaribu yake: kijani. Hapo nilishajua. Kadi huongea na mlango kwa mawimbi, kama redio, na zangu zote ishirini zilikuwa za stesheni nyingine.

Nilichosema ni hiki: "Mzee, labda mkono unatetemeka."

Alijaribu mara tisa. Mtu mmoja nyuma akasema mlango umemkataa. Mwingine akauliza kwa nini umkatae yeye tu. Kwa mtunza ghala, swali kama hilo lina maana moja. Pilau ililiwa. Mzee hakula.

Jumatatu hakuja kazini. Jumanne hakuja. Watu wakaanza kuulizana kuhusu ndoo za asali ambazo hazijawahi kupotea. Niliona aibu, nikapanda basi kwenda Igalula, shambani kwake.

Nilimkuta anapalilia karanga. Nikamweleza masafa, mawimbi, kila kitu. Alisikiliza ameegemea jembe.

"Kwa hiyo mkono wangu haukuwa na kosa."

"Haukuwa, mzee. Kosa ni langu."

"Ulijua pale pale?"

"Nilijua."

"Basi kaseme pale pale. Mbele ya wale wale waliokula."

Ijumaa iliyofuata tajiri aliwaita tena. Nilisimama mlangoni nikasema nilinunua kadi kwa kuangalia rangi, na mkono wa mzee ni mzima kuliko kichwa changu. Watu wakacheka. Mzee akapewa kadi mpya, ya masafa yanayotakiwa. Mlango ukafunguka.

Baada ya hapo nikawa napita kila asubuhi kukagua kitasa kisicho na tatizo. "Shikamoo, mzee." Anafungua, anaingia, kimya. Huku kwetu hata polisi aliyekuja kukukamata, ukimwamkia, anaitikia. Wiki tatu nzima.

Wiki ya nne nilikuwa juu ya ngazi nafunga waya, nikamwamkia kwa mazoea tu.

"Marahaba," akasema, akaendelea kuhesabu ndoo zake.

Nilishuka, nikakaa chini, nikalia.