Aliyeniacha Kaja Kuniuliza Taa za Matumbawe, Nikamdanganya

Mhariri, naomba jina langu lisitoke, Masasi ni ndogo na watu wana midomo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Newala. Nimeachika, naishi Mkomaindo na binti yangu Somoe, nauza maandazi. Wasomaji, najua mtanilaumu. Nilaumuni, lakini nisomeni hadi mwisho.

Soko huria lilipofunguliwa, Baba Somoe alikuwa katika wanunuzi binafsi wa kwanza wa korosho waliofanikiwa. Akajenga gesti hapa mjini. Tajiri wa nje anayenunua korosho zake akamletea zawadi, tangi la kioo refu kama kitanda, lakini kina chake hakifiki goti. Ndani mna matumbawe laini, yale yanayochezacheza majini kama vidole. Likawekwa sebuleni wageni walione, mimi nikaambiwa, "Mama Somoe, hii kazi yako." Mie mtu wa Newala, niliyekua nakinga maji ya mvua kwenye bati, naletewa maji ya chumvi kwa mapipa kutoka Mtwara, juu ya malori ya korosho yanayorudi matupu! Mashoga zangu walinicheka sana. "Wenzio tunagombania ndoo moja, wewe unanywesha mawe!"

Nilihangaika nayo. Yakawa yanasinyaa, hadi siku bwana samaki mmoja, ofisa wa uvuvi wa Mtwara, alipofikia pale gesti. Akaangalia taa, akatikisa kichwa. "Dada, baharini maji ndiyo yanapunguza ukali wa jua. Hili tangi kina chake kifupi, taa na tumbawe vinatazamana uso kwa uso. Funga taa za tyubu mbili tu, nyeupe moja na ya buluu moja. Ziinue. Anza na saa nne kwa siku, uongeze kidogo kidogo." Nikafuata neno kwa neno. Kuna kipande cha tumbawe kilikuja kimekatika, kadogo kama ukucha wangu. Nilikilea miaka mitatu mpaka kikajaza viganja viwili. Nilikuwa nakisalimia asubuhi kabla sijamsalimia mtu. Chekeni tu.

Halafu mwenzangu akaoa mke wa pili, binti wa Tandahimba. Sikupiga kelele, dini inaruhusu. Kilichonichoma ni siku ya karamu ya wakubwa. Mgeni mmoja akauliza, "Nani anaitunza bahari hii?" Baba Somoe akamwita yule binti mbele, akasema, "Huyu ndiye mtaalamu wangu." Mimi nimesimama pale pale na sinia la soda. Mgeni akanionyesha kwa kidole, "Na huyu?" Jibu lake ninalo mpaka leo: "Huyo? Alikuwa anafuta vioo." Wakacheka wote. Yule binti naye akacheka, na hata chumvi ya maji yale hajui kuipima!

Chumbani nikamuuliza, "Baba Somoe, mimi nafuta vioo?" Akasema nisimtie aibu kwa wageni. Wiki haikuisha, talaka ikaletwa na mdogo wake, yeye mwenyewe hakuja. Nikatoka na nguo zangu na mtoto. Nikaapa siku moja nitamwona akidhalilika, na nilimwomba Mungu nisife kabla.

Wasomaji, mwezi huu kaja mwenyewe hapa kwenye maandazi yangu, kofia mkononi. "Mama Somoe, habari za siku nyingi? Zile tyubu zimeungua. Nimepata taa mbili kubwa za ghalani. Nizifunge juu au chini?" Eti mtaalamu wake kashindwa! Nikamtazama. Nikajua shetani kanishika mkono, na sikuutoa. Nikamwambia, "Zishushe mpaka karibu na maji, ziwake kutwa nzima. Baba Somoe, wewe ni mtu wa korosho. Korosho bila jua kali inakauka?" Akapiga makofi. "Ndiyo maana nikaja kwako!" Akaondoka na maandazi kumi.

Siku ya tano akatuma salamu kwamba matumbawe yamekuwa meupe, yanapendeza, safi kama korosho iliyobanguliwa, daraja la kwanza! Hajui kwamba tumbawe likiwa jeupe ndiyo linakufa. Jamani, nilicheka nikakaa chini. Ijumaa ijayo yule tajiri aliyempa tangi anakuja kulikagua, na anayajua matumbawe kuliko sisi sote. Atakuta kaburi la kioo, mbele ya wakubwa wale wale na yule binti wa Tandahimba. Nimeshachagua gauni la kuvaa siku hiyo, nipite nje ya gesti pole pole.

Lakini jana Somoe alitoka kumsalimia baba yake. Akaniambia, "Mama, lile lako bado lina rangi kidogo chini, ila limejikunja." Sikuweza kula. Taa zile zikizimwa leo na kufungwa tyubu mpya, huenda likapona. Nikisema, anaokoka yeye, na Ijumaa atamsimamisha tena yule binti mbele ya watu amwite mtaalamu. Nikinyamaza, nitakuwa nimekiua kitu pekee katika nyumba ile ambacho hakikunikosea.

Ndugu zangu, walioachika na wasioachika, msiniandikie habari za kusamehe, hizo nimezisikia msikitini na kwa mama yangu. Zimebaki siku sita. Niambieni tu mwenzenu, nimalize kisasi changu au nikaokoe kile nilichokilea?