Zulia la Mlangoni kwa Raymond

Eliezeri akiingia benki, au duka kubwa, au hata ofisi ya serikali, haangalii watu kwanza. Anaangalia chini. Zulia la mlangoni likiwa limekunja pembe, analinyoosha kwa ncha ya kiatu. Likiwa linateleza, anamwita mlinzi na kumwambia taratibu kwamba hapo kuna mtu atavunjika. Walinzi wa siku hizi wanamwona mzee msumbufu. Hawajui kwamba Same ilipoanza kupata majengo ya kujisifia, milango mingi ya mji ule ilipitia mikononi mwake.

Mazulia ya sasa huja yamekunjwa kwenye nailoni, mepesi, yameandikwa "Karibu", na mvua mbili tu zinayamaliza. Eliezeri huyashika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa ndani.

Kazi aliijulia kwenye shamba la mkonge. Alishuka tambarare kutoka kwao Mhezi, milimani, akiwa kijana, akapangwa chumba cha brashi, ambako singa, nyuzi za mkonge zilizokauka, hupitishwa kwenye mashine mpaka zilainike na kung'aa. Huko alikutana na watu wa kila pembe ya nchi, na Msukuma mmoja aliyeitwa Kurwa ndiye aliyemfundisha kusuka singa mstari kwa mstari mpaka zikawa nene kama godoro. Kisha shida ikabana. Sabuni ikapangiwa foleni, na mashine za brashi zikakaa wiki nzima zikingoja vipuri visivyokuja. Mwishowe shamba likafungwa. Eliezeri akahamia Same na mkewe Careen, furushi la singa kichwani na makatambuga ya tairi miguuni. Hata hivyo, akiizungumzia miaka ile, macho yake hulainika.

"Hatukuwa na kitu," husema, "lakini kila tulichokuwa nacho kilitengenezwa na mtu unayemjua."

Ndipo ikaja ruksa ya kuingiza vitu kutoka nje. Bidhaa zikajaa, na mfanyabiashara mmoja, Raymond, akajenga jengo la ghorofa kando ya barabara kuu: maduka chini, ofisi juu, na sakafu yote marumaru nyeupe. Same ni pakavu, lakini siku za soko watu wa Chome na Mhezi walishuka kwa malori wakiwa na tope jekundu la milimani mpaka kwenye vifundo. Tope lile na marumaru zile havikupatana kabisa. Wiki ya kwanza walianguka watu wanne, mmojawao Raymond mwenyewe, na kilichomuuma zaidi ni kwamba watu walicheka.

"Fundi, nitengenezee kitu cha hapa mlangoni," alimwambia Eliezeri. "Kiwe imara, na kiwe kizuri. Hili si duka la ushirika."

Eliezeri alilisuka kwa wiki sita. Singa alizichana mara tatu, akazitia rangi ya magome, akaweka mapambo ya vikapu ambavyo mama yake alikuwa akivisuka. Chini alishonea tyubu za magari ili lisiteleze, na kingo akazipunguza unene ili mtu asijikwae. Lilipokwisha, alijimwagia maji miguuni akalikimbilia mara ishirini, huku Careen akicheka mpaka akashika mbavu. Halikusogea hata kidogo.

Watu wakalipenda, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mtu wa milimani hakanyagi kitu kizuri na tope lake. Amelelewa hivyo, hata mwenye nyumba akimsihi aingie na viatu, atavivua tu. Basi walifika mlangoni kwa Raymond, wakaliona zulia, wakavua viatu na kuvibana kwapani, kisha wakalivuka kwa hatua moja ndefu na kutua na mguu uliolowa juu ya marumaru. Wengi walipepesuka, wakashika ukuta, wakaendelea na safari zao. Eliezeri aliwaona, na sifa zikampofusha. Alijiambia: tazama wanavyoiheshimu kazi yangu.

Mama yake, Koleta, aliteremka kutoka Mhezi mwezi wa nne, mvua zikinyesha, makusudi kuliona zulia la mwanawe. Eliezeri alimpokea kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndilo hili?"

Aliinama akalipapasa kwa kiganja, akayatambua mapambo yake, akatabasamu. Kisha akavua raba zake, akapandisha kitenge, akalivuka. Eliezeri alikuwa na kikapu mikononi. Hakuwahi hata kumshika. Mama alianguka, akavunjika nyonga.

Walimpeleka hospitali ya Gonja, akalazwa miezi miwili mguu ukiwa umefungiwa uzito. Mfupa ungeunga, waliwaambia, lakini kama angetembea tena hakuna aliyeweza kuahidi. Na Mhezi, asiyeweza kutembea hana shamba, hana kanisa, hana jirani wa kumtembelea. Eliezeri alilijua hilo, na halikumpa usingizi.

"Mama, kwa nini hukulikanyaga?" alimuuliza siku moja. "Nililitengeneza likanyagwe."

"Ningeikanyagaje kazi ya mikono yako?" mama alimjibu. "Tena na tope lile?"

Eliezeri aliinamisha kichwa kwa aibu, akalia pale pale kwenye benchi la wodi. Alipofuta machozi, alichokiona mbele yake ni makatambuga yake mwenyewe, meusi, yamejaa tope. Tairi hakuna mtu anayelionea haya.

Alirudi kwa Raymond akaomba kuzibomoa marumaru za mlangoni. Raymond nusura amfukuze, ila alikuwa amechoka na watu kuanguka, akakubali. Eliezeri alichimba shimo la kina cha vidole vitatu, refu kiasi kwamba hata mwenye miguu ya twiga asingeliruka. Alikata tairi vipande vyembamba, akavisimamisha ubavu kwa ubavu, akavipitishia waya mnene, na kuacha nafasi katikati ili tope lidondokee chini. Zulia likakaa shimoni, likalingana na sakafu.

"Umeniharibia jengo," Raymond alisema.

Lakini watu walipita wakijifuta miguu kama wanavyojifuta kwenye nyasi, bila hata kulitazama. Hakuna aliyevua viatu, na hakuna aliyeanguka. Kabla ya Krismasi nyumba za wageni zilianza kumwita, kisha zahanati, kisha ofisi za ushirika. Ila yeye alikuwa akimngoja mtu mmoja tu.

Alifika mwaka uliofuata, na fimbo. Alisimama mlangoni kwa Raymond, akalitazama lile dude jeusi, akajifuta mguu wa kushoto, akajifuta wa kulia bila haraka, akaingia kwa miguu yake mwenyewe.

"Baya kweli," mama alisema. "Hili naliweza. Lile zuri liko wapi?"

"Nataka nilikatekate, mama."

"Nipe mimi."

Akaondoka nalo mpaka Mhezi. Kila Eliezeri alipokwenda kumsalimu alilitafuta ukutani sebuleni, asilione. Akiuliza, mama alijibu, "Lipo," basi. Alidhani limefungiwa sandukuni, na mtoto wa kiume mtu mzima haingii chumba cha kulala cha mama yake kwenda kuhakikisha.

Koleta aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, akilima bustani yake na kwenda kanisani kwa fimbo yake. Walipokwisha kumzika, Careen aliingia kupanga vitu vya marehemu, akamwita mumewe. Eliezeri alisita kizingitini kabla ya kuingia.

Zulia lilikuwa chini, kando ya kitanda, juu ya saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu mpaka ikateleza. Kingoni rangi za magome zilikuwa bado zimeiva. Katikati mapambo yalikuwa yamelika, na nyayo mbili zimechorwa pale. Wa mguu mzima ulikuwa umezama zaidi, kwa sababu ndio aliouegemea kila asubuhi alipoamka.

Eliezeri alivua viatu, akaweka miguu yake juu ya nyayo zile, na kwa mara ya kwanza tangu Gonja, akalia.