Wagomvi wa Sanamu ya Askari

Juzi nilikuwa nangoja basi nje ya mahakama ya kaunti hapa Marekani, mtoto mgongoni, karibu na sanamu ya askari wa vile vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Kila wiki mzee mmoja Mzungu husimama pale kuitetea, kwa kuwa babu zake walipigana kukomesha utumwa. Mama mmoja Mdakota, wa wenyeji wa asili wa hapa, husimama upande wa pili na bango akitaka ing'olewe, kwa kuwa askari hao hao waliwafukuza babu zake kutoka ardhi hii.

Siku hiyo mzee alikuwa peke yake. Aliniuliza, "Umemwona yule mama?"

"Bado, mzee."

"Wiki jana pia hakuja." Alivua glavu, akaivaa tena.

Mara mama akashuka kwenye gari, akikohoa. Mzee akamfokea, "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mgonjwa."

"Nilidhani umekufa!"

"Nife nikuachie sanamu yako? Thubutu!"

Mzee akacheka. Akamshikia lile bango la kuipinga sanamu mpaka alipomaliza kufunga skafu, kisha akamrudishia, wakaanza kugombana.

Watu husema sanamu ile imetugawanya. Huenda. Lakini mimi, tangu nijifungue, sijaonekana kanisani kwa Wakenya wenzangu, ambako tunaitana ndugu na dada, na hakuna aliyeuliza niko wapi. Basi lilipofika niliwaacha wale wawili wakifokeana, na nikiri, niliwaonea wivu.