Fimbo ya Ezron

Hakuna aliyeipenda timu yetu ya mpira wa magongo, hapa misheni Mbozi, kama Mama Tabita. Wachezaji wote kumi na mmoja tulipokwenda vitani Burma, yeye ndiye aliyezitunza fimbo zetu darini, juu ya jiko, moshi uzikinge na wadudu.

Tulirudi watatu tu. Mwaka 1946 Mwalimu Enoka akakusanya vijana wapya, na Mama Tabita akatangaza sokoni kwamba safari hii kombe ni letu. Fimbo za waliokufa akazigawa mwenyewe, kama mali ya marehemu inavyogawiwa matanga yakiisha. Moja akaizuia: ya mwanawe Ezron.

"Mama, tumepungukiwa fimbo moja," Mwalimu akamwambia.

"Nigawe mali ya mtu aliye hai? Mna wazimu nyinyi!"

Basi tukacheza kumi. Katika mechi ya kwanza mpira ukapigwa pembeni kushoto, upande wa Ezron. Hapakuwa na mtu. Mama Tabita akainua ile fimbo, akafoka, "Ezron, kimbia! Umelala?"

Hakuna aliyecheka. Nami, niliyemzika Ezron kwa mikono yangu, nikageuka kutazama kama anakuja.