Taja Kilichovuja

Serikali inapenda kuwatangazia wananchi wote, walio hai na wale ambao bado wamo kwenye orodha, kwamba kuanzia Jumatatu kila mmoja wenu ni mfalme. Si mfalme wa ardhi wala wa maji ya bomba, hayo yasubiri. Ni mfalme wa taarifa zake binafsi. Akisema zikae, zitakaa. Akisema zifutwe, zitafutwa. Ofisi imefunguliwa, utepe umekatwa, keki imeliwa na walioalikwa.

Mfalme wa kwanza kujitokeza alikuwa fundi cherehani aliyeitwa Mama Pindo, kwa vile pindo lake halikuwahi kufumuka, hata kwa bibi harusi aliyecheza mpaka viatu vikamtoroka. Kwa miaka ishirini na mbili alishona magauni ya harusi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na katika miaka yote hiyo hakuna kiuno cha mtu kilichotoka nje ya daftari lake. Mteja akinenepa, Mama Pindo aliongeza upana kimyakimya, lawama akakitupia kitambaa. "Satini ya siku hizi inarudi sana," angesema, na mteja akaondoka na heshima yake.

Naye alikuwa na siri moja. Tangu uzazi wa tatu, akipiga chafya au akicheka kupita kiasi, mkojo ulimponyoka. Hakumwambia mtu mpaka mwaka huu, alipomwambia daktari mmoja, ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa. Wiki haikuisha. Wifi yake alikuwa ameshika simu ya Mama Pindo akitazama picha za mishono, ujumbe ukaingia.

"Wifi, nani tena huyu anakuita mpendwa?" wifi akauliza, meno yote nje. Akasoma: "Mpendwa mteja, mkojo unakuponyoka? Nepi za watu wazima zimefika." Meno yakarudi ndani. "Umewaambia nini hawa?"

"Nilimwambia daktari."

"Daktari ndiye muuza nepi?"

Mama Pindo alishikwa na kinyaa, kama vile mtu asiyemjua ameingia chumbani kwake, akapekua nguo zake za ndani, akazinusa, kisha akatoka kuja kumpigia hodi amuuzie sabuni. Na juu ya kinyaa, hofu. Gauni la harusi hushonwa likiwa limepakatwa. Nani atampa mwanamke wa nepi mita tisa za satini nyeupe azipakate?

"Nenda wakufute," wifi akamwambia. "Si wametangaza wenyewe?"

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Mama Pindo alipanda ngazi, na kila alipofika ghorofa alibana mapaja na kuhesabu mpaka kumi. Alimtangulia hata mlinzi, kwa hiyo foleni ilijipanga nyuma yake. Chini ya bango jipya lililosema TAARIFA ZAKO, MAMLAKA YAKO, ukuta wa zamani ulikuwa na mstari mweusi wa jasho na mafuta ya vichwa. Nyuma ya dirisha la kioo, karani alikuwa akimenya yai la kuchemsha juu ya majibu ya damu ya mtu fulani. Alipomaliza aliyafungia maganda humohumo, akatupa kapuni. Kwa haki ya Mungu, hiyo ndiyo taarifa pekee iliyofutwa siku ile.

Akalamba kidole, akachomoa fomu, akaipitisha chini ya kioo ikiwa na alama ya kiini cha yai. Swali la kwanza liliandikwa kwa herufi kubwa: TAJA KILICHOVUJA.

Mama Pindo, mtu wa adabu, aliyezoea kujibu anachoulizwa, akaandika: Mkojo.

"Kilichovuja," karani akasoma kama anayesoma taarifa ya habari, "mkojo." Foleni ikanyoosha shingo. "Mama, hapa tunauliza taarifa. Ni taarifa gani imevuja?"

"Hiyo."

"Hiyo ipi?"

"Hiyo uliyoitangaza sasa hivi."

"Ya mkojo?"

"Baba, punguza sauti."

"Kioo kinene, mama. Nisipopaza hunisikii." Akagonga muhuri kwa nguvu zote za yai. "Haya. Itabandikwa ubaoni pale nje siku ishirini na moja. Jina, mtaa, na taarifa inayoombewa kufutwa. Mwenye pingamizi ajitokeze."

"Nani wa kupinga mkojo wangu?"

"Ndiyo maana tunatangaza. Tumjue."

"Basi nimeghairi. Nipe fomu yangu."

"Taarifa ni zako, mama. Fomu ni yetu."

"Fundi."

Sauti ilitoka nyuma, nafasi ya tatu kwenye foleni. Mama Pindo aliijua kabla hajageuka. Ni shangazi wa bibi harusi anayeshonewa sasa, mwenye zile mita tisa za satini. Naye alikuja kufutiwa jambo lake. Sasa alikuwa akiikunja fomu yake mara nne na kuisokomeza ndani ya pochi.

"Ile satini yetu umeshaikata?"

"Bado. Nilitaka niikate leo."

"Usiikate. Jioni nitaipitia."

Hakusema kwa ubaya. Alisema huku macho yake yakiipima sketi ya Mama Pindo kwa nyuma, taratibu, kutoka kiunoni kushuka chini.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Mkurugenzi na tai yake nyekundu, mpiga picha mbele yake akirudi kinyumenyume asimpoteze. Mkurugenzi alimkumbatia Mama Pindo begani bila kumuuliza, akamgeuza kuelekea kamera.

"Mwananchi wetu wa kwanza!" akanguruma. "Jana taarifa za huyu mama zilikuwa mikononi mwa wengine. Leo ziko mikononi mwake! Hebu waambie wenzako, mama yangu, bila woga: ukiwa mmiliki kamili wa taarifa zako, unajisikiaje?"

"Nasikia mkojo."